Daktari Aliyeonja Maji ya Samaki

Mtaani kwetu Mkunazini tulikuwa na daktari ambaye hakupata kumtibu mtu. Wagonjwa wake walikuwa samaki wa mapambo, wale wanaofugwa ndani ya matangi ya kioo, na hata hao hawakumchagua. Aliitwa Daktari wa samaki. Jina hilo alijipa mwenyewe, akawa analiitikia kabla hajaitwa, na mjini kwetu ukiling'ang'ania jina muda mrefu watu huchoka wakakuachia.

Mimi ni kinyozi. Kiti changu ni cha pili katika duka la Mjomba, ndugu yake mama, na kwenye kiti hicho nilimtazama Daktari kwa miaka akiingia, akinyolewa, akitibu na akibishana. Duka letu lilikuwa na tangi la samaki ukutani, baina ya vioo viwili, ili mteja apate kitu cha kutazama zaidi ya sura yake. Mjomba alilinunua kwa ajili ya wateja. Daktari aliamini limewekwa kwa ajili yake.

Nitakuja kusimulia jinsi alivyobakiwa na mgonjwa mmoja tu katika mji mzima, samaki wa Bi Kulsum wa mtaa wa Malindi, na jinsi samaki huyo naye alivyougua. Kama angekufa huyo, Daktari asingekuwa tena na mlango wa kubisha alasiri. Lakini kwanza mtu amjue Daktari mwenyewe, maana bila ya kumjua atamhurumia mapema.

Alivaa koti jeupe lililokuwa na madoa ya buluu mifukoni. Alisema aliwahi kufanya kazi maabara. Hakusema kazi gani, na Mjomba alikuwa akipenda kutukumbusha kwamba hata maabara chupa zina mtu wa kuziosha. Mkononi alibeba mkoba wa ngozi ulioota ukungu, na ndani yake mlikuwa na biskuti, kijiko, kipande cha kitambaa chembamba, na chupa ya mrututu. Mrututu ni chumvi ya shaba, mawe ya buluu yanayouzwa kwenye maduka ya dawa za miti. Wazee walikuwa wakiutia kwenye vidonda. Yeye aliutia kwenye maji.

Samaki akiota vidoa vyeupe kama aliyenyunyiziwa chumvi, akaanza kujisugua kwenye mawe kama mbuzi mwenye upele, Daktari huitwa. Vidoa vile ni vijidudu vinavyomla samaki ngozi na mashavu anayopumulia, na shaba huviua. Hapo alikuwa na haki, na mimi simnyang'anyi. Shida ilikuwa kiasi. Shaba ikiwa kidogo, vijidudu vinaishi raha mustarehe. Ikizidi kidogo tu, anakufa samaki. Katikati pana njia nyembamba sana, na njia hiyo Daktari aliipita kwa ulimi.

Ndiyo, kwa ulimi. Alifunga mrututu ndani ya kitambaa kama mtu anayefunga bizari za pilau, akauning'iniza ndani ya tangi, akauzungusha polepole huku duka zima limenyamaza. Kisha alichovya kidole, akaonja, akafumba macho. Mteja aliyekuwa na povu usoni naye alingoja. Daktari akisema "bado," alizungusha tena. Akisema "basi," alikitoa kitambaa, akakikamua, akajifuta mdomo kwa mkono wa koti. Mjomba alimwambia siku moja kwamba akiendelea hivyo samaki watabaki na vijidudu vyao, lakini yeye tumboni mwake hatabaki hata na mnyoo.

Alikuwepo mteja mmoja, mwalimu wa skuli, aliyemuuliza kwa adabu kama hakuna kipimo cha kitu kama hicho. Daktari alimgeukia taratibu.

"Mkeo akipika mchuzi, chumvi anaipima kwa mizani?"

Mwalimu akasema hapana.

"Na wewe unakula, unashukuru."

Watu walicheka, mwalimu akarudi kwenye gazeti lake, na habari ya kipimo ikaishia hapo kwa muda mrefu. Hata mimi niliona jawabu lile ni zuri. Sikufikiri kwamba mchuzi ukizidi chumvi mtu husukuma sahani, na samaki hana pa kusukuma maji.

Ajabu ni kwamba mtu huyu alipima kila kitu kingine. Sharubu zake nilizipunguza mimi, kwa kuwa Mjomba alikwishakataa, na baada ya kila kunyoa alitoa kijiti cha kiberiti akazilinganisha, upande huu na upande huu, mbele ya kioo. Upande mmoja ukizidi kwa unene wa kijiti, nilirudia. Chai yake ilikuwa na vijiko vya sukari anavyovijua, na aliweza kusema kwa kuitazama tu rangi kama muuza chai amemdhulumu. Aliwahi kumrudisha fundi cherehani mara kadhaa kwa sababu ya pindo la suruali. Mtu akifikiri kwamba macho na vidole kama hivyo vingetumika japo mara moja kwenye mrututu, atakuwa hamjui. Kupima sharubu ilikuwa heshima yake. Kupima dawa aliona ni kukiri kwamba hajui.

Na samaki aliwala. Wapo watu wanaofuga kuku wasiweze kumchinja wa kwao; yeye hakuwa na unyonge huo. Mchana alikaa barazani kwetu na samaki changu wa kukaanga kwenye karatasi, akimfungua kwa vidole, akitukagulia mashavu yake na kutuambia marehemu alikuwa na afya njema, hakuwa na kidoa. Kisha alinawa, akaingia ndani kuwaamkia wa tangini.

Aliwaamkia kweli. Watu aliwasemesha kwa ukali; mtoto akikosea kumsalimu alimrudisha mlangoni aanze upya. Lakini kwa samaki alikuwa na adabu za harusini. Aliinama mpaka pua inagusa kioo, akasema, "Samahani, nnakusumbua kidogo." Aliwaomba ruhusa kabla ya kutia mkono. Siku moja mtoto wa jirani alileta kijisamaki kwenye chupa ya jamu, mvua inanyesha, na Daktari, ambaye hakuwahi kumsogelea mtu mzima kwenye mvua, alimfuata mtoto yule mpaka kwao na kukaa sakafuni kutazama chupa mpaka magharibi. Hakutaka hata chai. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu kama ningeliacha ingekuwa rahisi zaidi kumcheka.

Hoteli moja ya ufukweni Uroa ilimwita mara moja. Palikuwa na kidimbwi mlangoni, samaki wana vidoa, na wageni wanalalamika. Alikwenda na koti lake, akaning'iniza kitambaa, akaonja, akarudi mjini kama aliyetoka kuhutubia. Samaki wengi walipona. Konokono walikufa wote, maana shaba haimsamehe konokono, na harufu yao ikahamisha meza za chakula mpaka upande wa pili wa hoteli. Kambare wawili wakubwa nao wakafa, kwa kuwa kambare hana magamba na dawa humwingia haraka. Tulipomuuliza, alisema konokono walikuwa wakinywa dawa ya samaki, kwa hiyo wamekufa kifo cha wezi. Kuhusu kambare alisema samaki asiyevaa magamba hana wa kumlaumu. Hoteli haikumwita tena. Yeye alisema ni kwa sababu aliwamalizia maradhi.

Sasa nifike kwenye maji, kwa sababu kila kitu kiliharibikia hapo.

Maji ya duka letu yanatoka kisimani, uani kwa jirani. Ni maji mazito ya chokaa, kama visima vingi vya mji uliojengwa juu ya mawe ya matumbawe. Sabuni ndani yake haitoi povu. Unasugua brashi mpaka mkono unauma, unapata utando wa kijivu kama maziwa yaliyokatika. Kwa hiyo wakati wa masika Mjomba hukinga maji ya mvua kwenye pipa na kuyaweka kwa ajili ya povu tu. Hakuna ruhusa ya kuoshea mikono wala kudekia. Maji ya mvua kwetu ni maji ya heshima. Mgonjwa akishindwa kula hupewa hayo, na mtoto akiugua homa huogeshwa hayo.

Idi ikakaribia, na Mjomba akataka duka ling'are. Alitoa samaki, akatupa matumbawe na makombe yaliyokuwa chini ya tangi kwa sababu yameota ukijani, akasugua kioo, na kwa moyo mweupe kabisa akalijaza tangi maji ya mvua. Alisema samaki nao waone sikukuu. Tangi liling'aa kama bilauri. Siku chache baadaye, labda kwa kule kuhamishwahamishwa, samaki wakaota vidoa, na Daktari akaitwa.

Alifanya kila alichokuwa akifanya. Akaomba ruhusa kwa samaki, akafunga, akaning'iniza, akazungusha, akaonja, akasema "bado," akaonja tena, akasema "basi." Ulimi wake ulimwambia maji yale yako sawa na maji ya miaka yote.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa, na baada ya sala duka lilijaa. Samaki wa kwanza alipanda juu kutafuta hewa wakati namnyoa mtu kidevu. Wakafuata wengine, midomo wazi, wanatweta. Kisha mmoja akalala ubavu, akawa anaelea kama jani, na wateja waliokuwa wakibishana habari za mpira wakaligeukia tangi mmoja mmoja. Alasiri haijaingia, hakuna aliyebaki hai. Mjomba aliwatoa kwa chujio la chai.

Daktari aliitwa akaja. Alisimama mbele ya tangi tupu, akaanza kutafuta mwenye makosa, na duka letu ni dogo, hakuhitaji kwenda mbali. Kwanza ilikuwa redio, inapiga kelele na samaki wana mishipa ya fahamu. Kisha ilikuwa jicho baya la mteja fulani aliyesifu rangi zao. Mwisho akanipata mimi.

"Huyu kijana anapuliza poda kama anazima moto. Samaki watavuta nini?"

Nilikuwa na wembe mkononi na shingo ya mtu chini yake.

Habari ilifika Malindi kabla yake. Watu wa mji wetu wakipata kitu cha kucheka hawakitumii siku moja. Mzee mmoja alimuuliza kama huwa anatoa na vyeti vya mazishi. Watoto walimfuata vichochoroni wakimwomba awaonjee na wao, wana mafua. Mwenye duka la aiskrimu, aliyekuwa na tangi zuri kuliko yote, alimwambia kwamba samaki wake wamepona, na Daktari hakuwa amesikia kwamba wanaumwa. Zahanati moja ya binafsi iliyokuwa ikimwita ilitia samaki wa plastiki. Nadhani hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Mjomba hakumfukuza. Alifanya kitu kibaya zaidi: alilikausha tangi, akalipanga taulo safi ndani yake. Na Daktari aliendelea kuja, akikaa kiti kilekile, akitazama taulo.

Akabaki na Bi Kulsum peke yake.

Bi Kulsum ni mjane wa Kihindi, mumewe alikuwa na duka la vitambaa Malindi, na anaishi ghorofa ya juu pamoja na kaka yake ambaye hawezi kutoka kitandani. Mumewe alimwachia samaki mmoja wa rangi ya dhahabu, mkubwa kama kiganja cha mwanamme, mwenye mkia mrefu unaofuata nyuma kama mtandio. Marehemu alikuwa akimpa makombo ya mkate kila asubuhi kabla ya kwenda kufungua duka. Bi Kulsum anasema samaki yule yeye hampendi wala hamchukii, lakini ndiye peke yake nyumbani anayekumbuka saa ile. Hataki afe mikononi mwake. Hilo aliwahi kunieleza mimi, nikimnyoa kaka yake, bila ya mimi kumuuliza.

Zamani, marehemu yungali hai, Daktari alimponya samaki yule vidoa kwa mrututu wake, na kwa sababu hiyo mlango haukufungwa. Kila alasiri alipanda ngazi, akamtazama samaki, akanywa chai, akashuka. Binti wa Bi Kulsum anaishi ng'ambo, na aliposikia habari za dukani kwetu alimletea mama yake chupa ya dawa ya shaba ya kutia kwa matone, pamoja na kisanduku chenye vichupa vya kupimia maji na karatasi yenye maelezo na rangi za kulinganishia. Daktari alikuja kutuhadithia dukani kwa dharau kubwa.

"Tone. Ngoja. Pima. Tone tena. Ngoja. Hii ni dawa ya watu waoga. Mgonjwa atasahau anaumwa nini."

Mjomba alimwambia bora asahau kuliko azikwe. Daktari akataka sharubu zake zipimwe upya.

Haikupita muda, samaki wa Bi Kulsum akaumwa.

Mimi hupanda kule Ijumaa asubuhi kumnyoa kaka yake. Siku hiyo nilikuta mlango wa sebule uko wazi, Daktari, aliyeitwa mapema siku hiyo, amesimama mbele ya tangi, na Bi Kulsum amesimama mbele ya Daktari. Samaki alikuwa kwenye pembe, mapezi yamebanwa, mashavu yanakwenda haraka haraka, na mgongo wote umetapakaa vidoa. Nikawaamkia wote wawili. Bi Kulsum akasema marahaba, nikae kidogo, kuna mgonjwa mwengine mbele yangu.

Alikuwa amekwishajaribu chumvi siku kadhaa na haikusaidia. Sasa mkononi alikuwa na mrututu, ameununua mwenyewe sokoni, umefungwa kwenye karatasi, na alimtaka Daktari autie kama alivyoutia siku zile za marehemu. Daktari alisema hakuja na kitambaa chake. Bi Kulsum akaenda jikoni akaleta kitambaa. Daktari akasema saa hizi si nzuri. Bi Kulsum akasema maradhi hayatazami saa. Daktari akasema samaki mwenyewe amekuwa mzee.

"Na mimi na wewe je?" akasema Bi Kulsum. "Tia, Daktari."

"Sitii."

Sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo kwa mrututu. Bi Kulsum naye nadhani hakuwahi. Alimuuliza tangu lini amekuwa hivyo, na maji yenyewe ni ya birika la kukingia mvua, masafi kuliko yote Malindi; kisima cha chini walichokitumia siku za marehemu alikiacha kilipozidi chumvi, na samaki hamtilii ila maji haya.

"Ndiyo maana sitii," akasema Daktari.

Daktari alinitazama mimi, kwa sababu katika chumba kile ni mimi tu niliyekuwepo dukani Ijumaa ile. Nikaangalia mkoba wangu wa nyembe. Aliporudisha macho kwa samaki, alisema kwa sauti ndogo, kama anayeomba ile ruhusa yake.

"Bi Kulsum, wale samaki wa dukani kwao niliwaua mimi. Si redio. Si poda ya kijana huyu. Mimi."

Kisha akaeleza, na alieleza vizuri, hilo nalo nimpe. Alisema maji ya kisima yana chokaa, na chokaa huikamata shaba isimfikie samaki yote. Matumbawe na makombe ya tangini nayo huimeza. Kwa hiyo miaka yote alikuwa akizidisha mrututu kwa ajili ya mawe, akidhani ni kwa ajili ya maradhi. Maji ya mvua hayana kitu cha kuishika. Kila kinachotiwa kinakwenda moja kwa moja kwenye mashavu ya samaki. Na ulimi hauwezi kujua tofauti hiyo. Maji yale ya povu zuri la kunyolea ndiyo maji ambayo kiasi chake cha kawaida huua. Alisema aliyajua haya baadaye, kwenye ile karatasi ya dawa iliyoletwa na binti, ambayo aliisoma hapahapa sebuleni Bi Kulsum alipokuwa jikoni akichemsha chai.

Bi Kulsum aliuweka mrututu juu ya meza.

"Nilijua," akasema. "Mji mzima unajua. Muuza mkate anajua. Nilikuwa nangojea ujue wewe, na mrututu huu ni wa kukujaribu tu."

Daktari akamuuliza, basi kwa nini amekuwa akimfungulia mlango.

"Kwa sababu tangu siku ile hujamtia samaki wangu kitu chochote. Unakuja, unatazama, unakunywa chai, unakwenda. Nikasema huyu sasa anaogopa. Mtu anayeogopa naweza kumwachia samaki."

Nilitamani niwe ngazini, nashuka. Lakini walikwisha kunisahau. Bi Kulsum alivaa miwani, akaitoa karatasi kwenye kisanduku, akakaa kitini, na Daktari akavua koti lake akakunja mikono ya shati. Samaki alihamishiwa kwenye beseni kubwa la plastiki lisilokuwa na jiwe wala kombe, likapigwa mstari wa kalamu ili ijulikane maji ni kiasi gani. Kwenye chujio la kusafishia maji yalitolewa makaa, maana makaa hunyonya dawa. Pampu ya hewa ikaachwa inapiga mapovu, kwa kuwa shaba humfanya samaki ashindwe kupumua vizuri. Bi Kulsum alisoma kwa sauti ya kufundishia watoto, kidole kwenye mstari.

"Maji laini, yasiyo na chokaa, anza na chini ya nusu ya kipimo."

"Naam," akasema Daktari.

"Tone moja moja. Usimwage."

"Naam."

"Ngoja kabla ya kupima. Na usichanganye na dawa nyengine."

"Naam, Bi Kulsum."

Kaka yake akaniita kutoka chumbani, anauliza kama nimekuja kunyoa au kutazama sinema. Nilikwenda. Namnyoa huku nasikia kule sebuleni tone, kimya, na watu wazima wawili wakibishana kwa upole kama rangi ya kichupa ni hii ya pili au ya tatu.

Ijumaa iliyofuata vidoa vilikuwa vimekwisha. Mgongo wa samaki ulikuwa safi, na Bi Kulsum akataka maji yamwagwe, samaki arudi kwake, mambo yaishe. Daktari alikataa. Alisema vilivyokuwa mgongoni vimedondoka tu, vimezaana chini, na shaba haivipati vikiwa ndani ya ngozi. Inavipata vile vichanga vikitoka kuogelea kutafuta samaki. Tukiacha leo, wiki ijayo vitapanda upya. Basi kila siku alikuja akapima. Rangi ikififia aliongeza tone. Akibadilisha maji kidogo, alitia dawa ya maji mapya tu, hakurudia ya beseni zima. Ikizidi, alitoa maji kidogo, akajazia yasiyo na dawa, akangoja.

Wakati huohuo dukani kwetu akawa hastahimiliki. Mtu aliyejua kupima tangu wiki iliyopita hana mfano kwa majivuno. Alitueleza kwamba wako watu wanaotia mrututu kwa kuonja, mambo ya kizamani, hatari kabisa. Mjomba akamuuliza watu gani hao. Daktari akasema wajinga fulani wa mjini, na akatazama taulo ndani ya tangi. Mjomba alikuwa na maneno mengi mdomoni, nilimwona, lakini aliyameza. Kisha Daktari akamwambia brashi yake ya povu inatumia sabuni kupita kiasi, na Mjomba akajuta kuyameza.

Ijumaa ya mwisho ninayotaka kuiandika, nilipopanda nilimkuta samaki amesharudi tangini kwake. Makaa yamerudi kwenye chujio, maji yamebadilishwa mara kadhaa, na kichupa cha kupimia kilikuwa cheupe, hakina shaba hata kidogo. Bi Kulsum alishika kipande cha mkate juu ya maji. Samaki alikizunguka, akakisukuma kwa pua, akakimeza, kisha akarudi kuangalia kama kuna chengine. Bi Kulsum aliendelea kumega mkate, vipande vidogo vidogo, mpaka ukaisha.

Daktari alikuwa anaosha vichupa. Aliviosha kimoja kimoja, akavifuta, akavipanga kwenye kisanduku, akavitoa, akavipanga upya. Alikunja karatasi ya binti. Akavaa koti. Alipofika mlangoni akasimama na mkono juu ya komeo.

"Kesho nije?"

"Kufanya nini?" akasema Bi Kulsum, mgongo umemwelekea. "Amepona."

Daktari akaitikia kwa kichwa. Komeo likagonga, mlango ukafunguka, na nikasikia kiatu chake kwenye ngazi ya kwanza, kisha ya pili, kinakwenda polepole kama cha mtu anayetamani awe amesahau kitu. Bi Kulsum alipangusa makombo kwenye kiganja, akaenda mpaka kwenye ukingo wa ngazi, akainama.

"Daktari, njoo. Hatutakosa cha kupima."